Ghorofa ya Nyoka

Sijawahi kuona mtu mwingine akimpima nyoka kwa tepu ya fundi, na sitarajii kumwona. Mwenyekiti wa mtaa wetu alikuwa amepiga magoti kwenye veranda yake hapa Noonkopir, Kitengela, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, tepu imetandazwa sakafuni, akimbembeleza nyoka anyooke.

"Nyooka kidogo, mama," alimwambia, kwa sauti ile ile aliyotumia mikutanoni kutuomba tunyamaze.

Nyoka hakunyooka. Sisi nasi hatukuwa tukinyamaza.

Namwita Mwenyekiti kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine, isipokuwa mama yangu, aliyemwita Baba Nekesa pale alipotaka kumpunguza ukubwa. Hakuna aliyekumbuka kumchagua. Nimeuliza. Kuuliza ndiyo kazi yangu kuu tangu nimalize chuo, na ndiyo sababu yeye aliniita Wakili, ingawa nilisomea sosholojia.

"Mzee, ulichaguliwa lini?"

"Nilichaguliwa na wale walikuwepo."

"Nani walikuwepo?"

"Mimi na sekretari."

"Na sekretari ni nani?"

"Alihama."

Hapo mjadala wa demokrasia ulifungwa, akafungua ule wa mitaro.

Tepu hiyo aliivaa kiunoni, mahali ambapo wanaume wa rika lake huvaa pochi ya simu. Alipima mageti, mitaro, upana wa njia, umbali kati ya choo cha jirani na tangi la maji la jirani mwingine. Mama yangu alipopanga vyungu vyake vya maua nje ya geti, Mwenyekiti alikuja siku hiyo hiyo, akachuchumaa, akavuta tepu, akatangaza kwamba maua yameingia barabarani. Mama alirudisha vyungu ndani huku akisema maneno ya Kikikuyu ambayo sitayatafsiri.

Wakati huo, mbele ya geti lake yeye, kulikuwa na lundo la mchanga lililokula nusu ya barabara. Lilikuwepo kabla hatujahamia. Watoto waliteleza juu yake, paka walilitumia kwa haja zao, gari la maji lililikwepa kwa kupanda ukingo wa mtaro. Nilimuuliza kwa nini mchanga wake hauingii barabarani na maua ya mama yanaingia.

"Ile si mchanga," alinijibu. "Hiyo ni ujenzi."

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa ghorofa ya juu. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vingi chini, na juu ya zege vyuma vya nguzo vimesimama wazi, vimeota kutu, vikingoja. Mgeni akiitazama Kitengela kutoka mbali anaweza kudhani tunafuga nungunungu wa saruji. Kila paa lina miiba. Kila mwiba ni ahadi: hapa patakuja ghorofa, tukijaliwa. Tunajenga chini kwa ajili ya juu, tunaishi chini tukiombea juu, na wajukuu wanaanika soksi kwenye vyuma. Mimi naona ni imani ya ajabu kuliko zote zinazohubiriwa hapa Jumapili, na zinazohubiriwa ni nyingi.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Nafasi ni heshima." Aliusema kanisani akisogeza watu kwenye benchi ili kila mmoja apumue. Aliusema kwa mafundi. Aliusema hata makaburini. Tulipomzika mzee mmoja wa mtaa kule nje ya mji, Mwenyekiti aliingia kaburini na tepu kabla jeneza halijashushwa, akatoka na udongo mweusi kwenye suruali ya suti, akaamuru pande zote mbili zipanuliwe. "Mtu asibanwe," alisema. Waliochimba walitazamana. Mchungaji alirudia wimbo kutoka ubeti wa kwanza, kisha akaurudia tena, tukachomwa na jua la Kajiado ili marehemu apate pa kugeukia.

Nilimcheka waziwazi njia nzima ya kurudi. Hakukasirika. Alisema tu, akitazama nje ya dirisha la gari, kwamba yeye alilala kitanda kimoja na ndugu zake mpaka akaota ndevu, na kwamba walikuwa wakigeuka wote pamoja, kwa amri ya mkubwa. Halafu akaanza habari za mitaro.

Sasa, nyoka. Alikuja ndani ya ule mchanga. Lori lilipoumwaga, kutoka mto fulani mkavu huko ndani ya Kajiado, kitu kinene kilijikunja juu ya lundo, kifupi kama mkono wa mtu, cha rangi ya chungwa chenye mabaka ya kahawia, mkia butu kiasi kwamba vijana walianza kubishana kichwa kiko upande gani huku wakiokota mawe. Nekesa, kitinda mimba wa Mwenyekiti, alikuwa likizo ya chuo. Alipita katikati yao akamwokota nyoka kwa mikono mitupu, akawaambia kwamba huyo hana sumu, ni jamaa ya mbali ya chatu, na maisha yake yote huyapitisha amejizika mchangani, macho tu nje, akingoja panya. Baadaye aliomba kibali kwa watu wa wanyamapori, akakipata, na nyoka akawa mtu wa mtaa.

Nekesa alimweka kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, la aina ambayo akina mama hutunzia unga. Alitoboa matundu ya hewa, akajaza mchanga kina cha kiganja, akaweka kibakuli cha maji na kigae cha kujifichia. Sanduku lilimzidi nyoka urefu kidogo tu. Nyoka alijizika. Alinenepa. Nilimtembelea mara nyingi na nadhani nilimwona mara mbili.

Baba mtu sanduku lile lilimkosesha usingizi.

"Watu wanakuja hapa," alilalamika kwetu, amesimama getini. "Wageni. Wazee wa kanisa. Wanaona mnyama wa Mwenyekiti anakaa kwa mkebe wa unga."

"Baba Nekesa," mama akamwambia, "hao wazee wa kanisa hawaogopi mkebe. Wanaogopa nyoka."

Nekesa alipopata kazi na kikundi kinachofundisha watu wa vijijini kuishi na nyoka bila kuwaua, pande za Ewuaso Kedong, alipanga chumba kimoja Kona Baridi, mahali ambapo upepo unaweza kukuvua kofia na kukupeleka nayo. Baba yake hakumwelewa. Vyumba vya chini vilikuwa vitupu. Watoto wake wakubwa walikuwa wamekwenda na maisha yao, na mke wa Mwenyekiti alikaa shambani kwao magharibi zaidi ya alivyokaa Kitengela, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Na ile ghorofa ya juu, ile ya vyuma, ilikuwa ya Nekesa: sebule, chumba, choo cha ndani, roshani. Mzee alikuwa ameipima tayari, hewani. Nilimwona mara moja amesimama juu ya zege akimwonyesha binti yake roshani itakapokuwa, na binti anatazama pale pale panapoonyeshwa, anatazama hewa.

Chumba kile cha Kona Baridi hakikuruhusu wanyama, kwa hiyo siku ya kuondoka nyoka alibaki. Nilikuwepo nikisaidia kubeba godoro. Nekesa alitoa maagizo mbele ya geti.

"Baba, usimguse. Usimhamishe. Maji, na panya kila wiki mbili. Basi."

"Na hii kijisanduku?"

"Inamtosha."

"Hakuna mtu anatosha kwa sanduku."

"Si mtu, Baba. Hata mimi chumba changu kinanitosha."

"Hicho si chumba. Hiyo ni kona."

"Baba. Usimhamishe."

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia kweli. Kusikia hakukuwahi kumzuia kitu. Gari la Nekesa halijafika barabara kuu, tepu ilikuwa imeshatoka kiunoni.

Hapo ndipo tulipoanzia, yeye magotini na nyoka akikataa kunyooka. Mwishowe alimpima kwa uzi, akafuata mikunjo, kisha akanyoosha uzi. Nilimuuliza sasa atafanya nini na hicho kipimo. Akasema kipimo cha mnyama ni mwanzo tu, lazima umpe na mahali pa kukua, na barabara ya kupita, na akiba.

"Akiba ya nini?"

"Wakili, huwezi kujenga bila akiba."

Na akachora. Kwa kuwa mtu wa Kitengela ana ploti moja tu kichwani, ile ya futi hamsini kwa mia, nyumba ya nyoka ilitoka futi tano kwa kumi. Uwiano ule ule. Ilichukua veranda nzima, viti vikahamia chini ya mti wa pilipili. Fundi aliletwa, wa kweli, mwenye timazi. Walijenga ghorofa mbili kwa mbao na vioo. Sakafu vigae vyeupe vinavyong'aa, juu na chini. Ngazi yenye reli. Roshani. Madirisha ya kuteleza. Mlango uliopakwa rangi ya geti la Mwenyekiti. Na juu ya paa, naapa, fundi aliacha vipande vya waya vimesimama.

"Hizo waya ni za nini?" nilimuuliza fundi.

"Mzee amesema anaweza kuongeza."

Nilikuwa nimesoma kidogo juu ya jambo hili, kama ninavyosoma kidogo juu ya kila jambo, na sikuweza kunyamaza. Nilimweleza Mwenyekiti kwamba nyoka wa aina hii hapandi, kwa hiyo kimo cha nyumba kwake ni sifuri. Kinachohesabika ni sakafu: iwe na urefu wa kutosha ajinyooshe, upande mmoja upate joto na mwingine ubaki baridi, na juu ya yote mchanga wa kujizika. Nyoka mdogo ukimtupa kwenye ukumbi mtupu anaogopa, kwa sababu kila upande ni mahali pa kuliwa. Nilisema haya yote kwa mpangilio mzuri. Nilijipenda.

"Umesoma wapi?"

"Kwa simu."

"Simu yako ni inchi ngapi?"

"Sita hivi."

"Basi," akasema, akarudi kwa fundi.

Nyumba ilizinduliwa. Kulikuwa na soda na maombi. Mzee wa kanisa aliomba akiwa amesimama nje ya geti, akinyoosha mkono kuelekea veranda. Nyoka alimwagwa katikati ya vigae vyeupe kama kipande cha kamba kilichosahauliwa na mafundi. Alikaa hapo kidogo. Kisha akaanza kutambaa kwa kufuata ukuta, akisukuma pua kwenye pembe, pembe moja, pembe nyingine, pembe ya tatu.

"Mnaona?" Mwenyekiti aliwaambia wageni, na nakumbuka uso wake ulivyowaka. "Hata yeye anapima."

Watu walipiga makofi.

Panya wa kwanza hakuliwa. Mwenyekiti aliwahifadhi kwenye friji, wamefungwa kwa mfuko mweusi karibu na kuku wa Krismasi, akawa anawatoa na kuwapasha joto kwenye maji kama alivyofundishwa. Panya alilala juu ya kigae mchana kutwa, akatolewa, akazikwa kwenye shamba la sukuma wiki. Wa pili hakuliwa. Mwenyekiti alitafakari tatizo hilo kama kiongozi, akaamua kwamba nyoka amebanwa. Alimwita fundi, wakaondoa ukuta wa katikati ili sakafu iwe moja, kubwa zaidi. Wa tatu hakuliwa. Akaongeza kioo upande wa barabara, ili mnyama apate mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa lundo la mchanga.

Nekesa alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Simu ilikuwa na sauti kubwa na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo mtaa ulishiriki.

"Baba, anakula?"

"Anaendelea vizuri."

"Anakula?"

"Yuko na nafasi, hata wewe ungemwonea wivu."

"Nafasi gani tena, Baba?"

"Mtandao ni mbaya huku," alisema Mwenyekiti, na akakata.

Nekesa hakuuliza hali ya baba yake. Nilianza kusikiliza makusudi, na sikulisikia swali hilo. Aliulizia nyoka, akaagana.

Halafu zikaja habari kwamba Nekesa atakuja Jumatatu, ana siku ya mapumziko. Jumamosi jioni Mwenyekiti alinibishia geti. Hakuwa na tepu. Sikuwa nimewahi kumwona bila tepu na kwa dakika nzima sikujua ni nini kimepungua kwake.

"Wakili, kuja uone kitu."

Nyoka alikuwa chini ya ngazi, pale palipokuwa na giza kidogo. Alikuwa amepungua, ngozi imelegea kando ya uti wa mgongo. Nilichutama nikawasha tochi ya simu. Pua ilikuwa imechubuka hadi nyama, na kwenye kila pembe ya vigae vile vyeupe kulikuwa na alama ndogo ya kahawia iliyokauka. Pembe zote. Alikuwa akijaribu kuchimba.

"Huyo hakuwa anapima, Mzee," nilisema. "Alikuwa anatafuta mahali pa kuingia."

Nikaendelea, maana mimi nikiwa na haki siachi. Nikamwambia amemjengea roshani kiumbe asiyetaka kuonekana. Nikamwambia Nekesa alisema, kwa Kiswahili rahisi, hapo hapo getini. Nikamuuliza ni nani hasa aliyeihitaji hii ghorofa.

"Wewe na digrii yako," alisema taratibu, "unalala kwa chumba ya nani?"

"Cha mama."

"Na hukulipia hata kitasa."

"Hilo halimponyi nyoka."

"Hapana," akakubali. "Halimponyi." Akakaa chini kwenye kizingiti, mtu mzima, suruali ya suti. "Akikuta amekufa, huyu mtoto hatapiga simu tena. Atapiga ya nini? Hupiga ya nyoka."

Nilisema, "Mchanga uko pale nje."

"Ile ni ya juu," alisema. "Ya Nekesa."

"Najua."

Jumapili asubuhi mtaa uliokuwa ukienda kanisani ulisimama njiani. Mwenyekiti alikuwa juu ya lundo lake, shati jeupe la ibada limekunjwa mikono, koleo mkononi. Alikuwa ameondoa tabaka la juu, lile la paka, na kuchimba chini kwenye mchanga safi, mkavu, wa rangi ya mto. Aliuchekecha kwa chujio la jikoni. Mama yangu alisimama na Biblia yake akamtazama muda.

"Baba Nekesa, leo umeanza ujenzi?"

"Nimeanza."

Mama aliweka Biblia juu ya nguzo ya geti, akaingia ndani, akatoka na beseni mbili. Nilimshika mkono nikimkumbusha maua yake. Akaniambia ninyamaze nibebe.

Tuliijaza sakafu ya chini yote, futi tano kwa kumi, kina cha kiganja, na vigae vyeupe vikapotea. Mwenyekiti alimshusha nyoka kwa mikono miwili kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Kichwa kikazama, kikafuatwa na shingo, na mwili mzima ukamezwa polepole hivi, mchanga ukajifunga juu ya mkia bila kuacha hata mstari.

"Ameenda wapi?" Mwenyekiti aliuliza.

"Yuko hapo."

"Wapi?"

"Hapo, Mzee. Ndani."

Alikaa akiukodolea macho mchanga mpaka ibada ikaisha.

Nekesa alikuja Jumatatu. Alisimama mbele ya ile nyumba, akaitazama kutoka waya za juu hadi chini, akazunguka upande wa kioo cha mandhari. Nilingoja kicheko. Alisukuma dirisha, akaingiza mkono mchangani, akapapasa kwa subira, akamtoa. Akaiona pua. Akaipaka dawa kutoka kwenye mkoba wake. Mwenyekiti alisimama nyuma yake mikono mgongoni, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Baba, nilikuambia."

"Uliniambia."

"Na huko juu ni kwa nani?"

Alifikiri. "Kwa wageni."

Nadhani hapo ndipo Nekesa alipokaribia kucheka. Alimrudisha nyoka, akapasha panya moto mwenyewe, akamweka juu ya mchanga, akatuamuru wote tuondoke verandani. Tulichungulia kutoka jikoni, watu wazima watatu kwenye dirisha moja. Mchanga ulitulia muda mrefu. Halafu ukalipuka, na panya hakuwepo.

Mwenyekiti aliitafuta tepu kiunoni, hakuipata, akajifuta macho kwa kiganja. Alisema ni vumbi la saruji. Hakukuwa na saruji.

Nekesa hakumchukua nyoka. Alisema tu masharti ni yale yale, akapanda gari la kwenda Kona Baridi kabla jua halijazama.

Nimehama tangu wakati huo. Nilipata kazi ya kuuliza watu maswali kwa mshahara, na nimepanga chumba upande wa pili wa mji, kidogo sana. Mwenyekiti alikipima alipokuja kunitembelea, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Bado ni mwenyekiti. Uchaguzi umeahirishwa. Vyuma vya paa bado vimesimama, ila lundo la mchanga limebonyea katikati, na gari la maji sasa linapita.

Nilimwona wiki mbili zilizopita, nilipokwenda kumsalimia mama. Alikuwa amerudisha kiti kimoja verandani, mbele ya vioo, ameketi akitazama sakafu ya mchanga mtupu uliolala kama uwanja baada ya mechi.

"Mzee, nyoka yuko?"

"Yuko."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Wiki nzima sijamwona." Akanigeukia, akiwa na fahari. "Nekesa akipiga ananiuliza, 'Baba, umemwona?' Namwambia sijamwona. Ananiambia, 'Vizuri.' Maana akijificha ndiyo ako sawa. Akianza kuonekana ovyo ndiyo niite daktari. Umeelewa, Wakili? Siku hizi tunaongea hivyo. Kila Jumapili."

"Na yeye Nekesa mwenyewe? Umemwona?"

Alitazama juu, kwenye ghorofa ya wageni, kwenye roshani ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuipanda.

"Sijamwona," alisema.

Nilingoja aongeze lile neno la binti yake, 'Vizuri.' Hakuongeza.